Ngumi za saa nne: kisa cha mvulana wa P4 mjini Busia

Mvulana huyu tunamwita Idi. Si mtoto mmoja unayeweza kumtafuta ukampata. Kisa kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika shule za miji ya mpakani, na hesabu za matukio zilizomo ni za mfano, ili msomaji aone kazi inavyofanywa. Tumemweka Busia, upande wa Uganda, mwendo mfupi tu kutoka pale matrela yanapopanga foleni ya forodha.

Ana miaka 10, yuko P4, yaani darasa la nne la shule ya msingi, lenye watoto 87. Baba ni dereva wa trela, hulala nyumbani siku tatu nne kwa mwezi. Mama anauza mitumba. Nyumbani kuna kaka wa miaka 14 na mdogo wao wa kike wa miaka 5, na wote wanazungumza Kiswahili, kama nyumba nyingi za mtaa ule. Idi mwenyewe hakukulia pale. Tangu P1 hadi P3 alikaa kijijini kwa nyanya yake mzaa baba, akasomeshwa kwa Lusamia, lugha ya Wasamia wa eneo hilo. Aliletwa mjini muhula wa kwanza wa P4, na kufikia katikati ya muhula wa pili alikuwa ameng'oa jino la mwenzake, amechana mashati mawili, na jina lake limeandikwa mara kumi na moja kwenye kitabu cha nidhamu.

Lalamiko lililomfikia mwalimu mlezi lilikuwa sentensi moja: "Idi anapiga wenzake bila sababu." Kazi huanza kwa kuyafuta hayo maneno mawili ya mwisho. Sababu ipo, ila hakuna aliyekaa akaitazama, kwa maana watu wazima hufika ngumi zikiwa zimekwisha kurushwa.

Shule ilikuwa imejaribu iliyoyajua: viboko vinne, kupiga magoti kwenye changarawe, kutolewa nje akasimame chini ya mwembe, kumwita mama. Kuhusu viboko, sheria haina utata. Wizara ya Elimu ilivipiga marufuku kwa waraka mwaka 2006, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yakakataza adhabu ya kumpiga mtoto shuleni. Fimbo ingali juu ya kabati za ofisi nyingi hata hivyo, na wapo walimu wanaoamini kwamba ikiondoka darasa la watoto 87 halitawaliki. Jaribio lililofanyika wilayani Luwero, Uganda, kati ya 2012 na 2014, katika shule 42 za msingi, lilipima Good School Toolkit, mpango wa kupunguza ukatili shuleni wa shirika la Raising Voices la Kampala. Mwishoni, 31% ya wanafunzi wa shule zilizopata mpango walisema walipigwa na mfanyakazi wa shule wiki iliyotangulia. Katika shule ambazo hazikuupata ilikuwa karibu 49%. Karibu theluthi moja bado ni wengi mno, lakini inaonyesha kwamba walimu wa shule za kawaida, wenye madarasa ya kawaida, huweza kupunguza fimbo.

Kwa Idi, tuiweke sheria kando kidogo. Viboko vilikuwa na kasoro nyingine: havikuwa na uhusiano wowote na kilichokuwa kinamfanya apigane.

Daftari la safu nne

Mwalimu mlezi alichukua daftari la kawaida akalichora safu nne: saa na mahali, nini kilitangulia, alifanya nini hasa, nini kilifuata. Akawagawia walimu wanne wa darasa lile karatasi hizohizo, wajaze kwa siku 15 za shule bila kubadilisha chochote katika wanavyomshughulikia.

Wiki ya kwanza karatasi nyingi zilikuwa za kutupa. "Alikuwa mkorofi." "Alianza ujeuri wake." Hayo ni maoni, hayahesabiki. Kinachotakiwa ni kile ambacho kamera ingekiona: alimpiga nani, akiwa ameshika nini mkononi, mara ngapi. Kosa jingine ni kuiacha safu ya pili tupu, au kuandika "hakuna kilichotokea". Akiulizwa vizuri, mwalimu hukumbuka: tulikuwa tunasahihisha, nilikuwa nawaita ubaoni, uji ulikuwa umechelewa.

Siku 15 zilitoa matukio 19. Darasani 11, nje 8. Kati ya yale 11, tisa yalitokea kwenye kipindi cha Kiingereza au kwenye hesabu zilizoandikwa kwa maneno. Kwenye Kiswahili hakuna hata moja. Kwenye bustani ya shule hakuna, na huko watoto wanashika majembe.

Hii hapa karatasi moja, ya Jumatano, kipindi kabla ya uji wa saa nne na nusu. Watoto wanasoma kwa sauti, mmoja mmoja, kwa kufuata madawati. Wamebaki watatu kabla ya Idi: anatikisa mguu, anazungusha penseli. Wamebaki wawili: anampokonya jirani rula. Jirani anasema, "Rudisha." Idi anampiga ngumi ya bega, kisha ya mdomo. Mwalimu anamtoa nje. Idi anakwenda chini ya mwembe, anakaa, anachora chini kwa kijiti hadi kengele. Safu ya nne, mwalimu ameandika: "Nilimtoa. Hakusoma."

"Hakusoma" lilikuwemo kwenye safu ya nne ya matukio manane kati ya yale tisa.

Tazama sasa kwa macho ya Idi. Zamu inakaribia, tumbo linakaza, ukurasa ni wa lugha asiyoijua, na watoto 86 watacheka. Ukipiga, unatolewa nje. Mwembe una kivuli. Hata viboko vinne huisha kwa dakika moja, na aibu ya kukwama kwenye sentensi ya kwanza huvumishwa hadi njia ya nyumbani. Kile shule ilichokiita adhabu kilikuwa malipo, tena yaliyolipwa papo hapo na kila mara. Hakuna haja ya kudhani kwamba alikaa akapanga hivyo. Mwili hujifunza wenyewe kipi kinaondoa shida.

Ndipo akapimwa kusoma, faraghani, dakika kumi. Kifungu cha Kiingereza cha kiwango cha P2 chenye maneno 40: alisoma sita. Cha Lusamia: alitiririka. Cha Kiswahili, ambacho kijijini hakufundishwa kukisoma: maneno 31 kati ya 40, kwa kuwa herufi zake hutamkwa karibu kama za Lusamia. Kwa hiyo mtoto anajua kusoma. Alichokikosa ni daraja la kuvukia. Tangu mtaala wa mada uanze mwaka 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo panapowezekana, na P4 ndio mwaka wa kuhamia Kiingereza. Shule nyingi za mjini hutumia Kiingereza tangu P1 kwa sababu ya mchanganyiko wa makabila. Idi aliingia darasa ambalo wenzake walishavuka zamani.

Mstari wa uji

Matukio manane ya nje yalikuwa na sura yake. Matano yalitokea kwenye mstari wa uji, matatu uwanjani, na katika yote manane aliyepigwa alikuwa ametokea nyuma au upande wa kushoto. Mwalimu wa bustani alikuwa ameona jambo jingine bila kulipa uzito: Idi akiitwa hugeuza kichwa chote, kama kuku anayechungulia.

Kipimo cha usikivu cha kunong'ona hakihitaji mashine. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono ulionyooka, kama sentimita 60, asikuone midomo. Ziba sikio usilolipima kwa kubonyeza kile kinyama cha mbele ya tundu na kukisugua taratibu kwa kidole. Toa pumzi yote kwanza, ndipo unong'one mchanganyiko wa tarakimu na herufi tatu, mfano nne, K, mbili, naye arudie. Akikosea, mpe mchanganyiko mwingine wa tatu. Akipata angalau tatu kati ya sita, sikio hilo limepita. Idi alipata tano kulia na moja kushoto. Ukiinama karibu na sikio la kushoto, harufu inajieleza.

Mama alijua. Sikio lilikuwa likitoa uchafu tangu kijijini, na kila mtu alilitia mafuta vuguvugu. Sikio linalotoka usaha halitiwi mafuta wala maji. Hukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi kinachofyonza, mara tatu kwa siku, utambi ukibadilishwa hadi utoke mkavu, kisha hutiwa matone yatakayoandikwa na mhudumu wa kituo cha afya, kwa kawaida kwa wiki mbili. Akioga, sikio lizibwe. Kuogelea mtoni kunasubiri. Usaha ulikauka ndani ya wiki tatu. Usikivu wa kushoto ulirudi kidogo tu, kwa hiyo alihamishiwa dawati la mbele upande wa kushoto wa darasa, sikio zima likitazama kwa mwalimu na wenzake.

Sikio peke yake halirushi ngumi. Mtafiti wa Marekani Kenneth Dodge alionyesha miaka ya 1980 kwamba watoto wenye ugomvi mwingi, wakikutana na jambo lenye utata, kama kusukumwa bila kujua na nani, huwa wepesi kuliamini kuwa la makusudi. Ukichanganya na sikio lisilosikia mtu anakuja, kaka anayekukwida gizani nyumbani, na wavulana wawili wa darasani waliokubandika jina la "Kijiji", kila kiwiko kwenye mstari wa uji kinakuwa shambulio. Tofauti na ugomvi wa darasani, huu haukumpatia kitu. Ulikuwa wa kushtuka. Dawa zake haziwezi kuwa moja, na hapa ndipo mipango mingi ya shule hukwama: hutafuta adhabu moja ya kutosha ngumi zote.

Nyumbani, saa kumi na mbili jioni

Kikao cha kwanza na mama ndicho kilichoamua mengine. Mara tatu alizoitwa kabla alipewa kiti karibu na mlango, akasomewa makosa, akaondoka, na usiku Idi akachapwa. Safari hii mwalimu mlezi alianza na karatasi ya kusoma: "Mama Idi, leo hatujakuita kwa ubaya. Mtoto wako anasoma Kiswahili, na kijijini hakufundishwa. Tazama." Mama aliishika karatasi muda mrefu. Baada ya hapo ndipo akaeleza ya nyumbani.

Inakwenda hivi. Mama yuko uani anafunga marobota ya nguo. "Idi, kalete maji." Kimya. "We Idi!" Idi anasema anacheza. Sauti zinapanda, Idi anatupa jerikeni, anapiga teke mlango. Mteja yupo, mama anaona aibu: "Basi, acha, nitaenda mwenyewe." Siku tatu kati ya nne inaishia hapo. Ya nne mama amechoka, anachukua mwiko.

Mtafiti Gerald Patterson, aliyezichunguza familia kwa miaka mingi huko Oregon, Marekani, aliuita mvutano huu mzunguko wa kulazimishana. Mtoto anafunzwa kwamba kelele zikitosha kazi inaondoka. Mama anafunzwa kwamba akiacha kudai, kelele zinaisha. Na siku ya mwiko, mwiko nao unaleta utii wa haraka, kwa hiyo mama anajifunza kuupandisha mapema zaidi. Kila mmoja anamlipa mwenzake. Kumwambia mama "kuwa mkali" au "kuwa mpole" hakuugusi mzunguko huu.

Alichopewa mama kilikuwa kidogo, kwa makusudi. Agizo moja kwa wakati, akiwa karibu, upande wa kulia, baada ya kumgusa bega: "Idi, chukua jerikeni ya lita tano, nenda sasa." Halafu anyamaze ahesabu moyoni hadi tano. Akienda, amwambie alichokiona: "Umeenda mara moja." Akikataa, rudio moja tu, na mpira wa jioni hiyo umekwisha, kesho unaanza upya. Chakula hakinyimwi kamwe. Na maji yanamsubiri Idi, hata kama ni saa mbili usiku. Jerikeni ilipunguzwa kutoka lita 20 hadi tano kwa wiki mbili za mwanzo, kwa sababu agizo la kuanzia lazima liwe linalowezekana. Kaka naye alipewa masharti yake, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote: ana miaka 14, baba hayupo, amejivika ubaba.

Darasani

Jambo la kwanza lilikuwa kumwondolea sababu ya kukimbia. Idi hasomi tena kifungu asichokiona. Jioni anapewa mistari minne ya kesho, anaipitia na msichana wa dawati la mbele, na zamu yake hufika mapema, asikae akihesabu vichwa. Dakika 10 kabla ya kengele ya asubuhi anasoma na mwalimu mlezi vitabu vya Kiingereza vya P1, maneno mapya matano kwa siku, kila neno likiwa na mwenzake wa Kiswahili.

La pili lilikuwa njia halali ya kutoka. Alipewa kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiberiti. Akiona tumbo linakaza, anakiweka juu ya dawati. Mwalimu anaitikia kwa kichwa, Idi anakwenda kwenye tangi kunywa maji, dakika tatu, anarudi, anasoma mistari miwili badala ya minne. Walimu wawili walipinga: si atakitumia siku nzima? Wiki ya kwanza alikitumia mara 14. Ya nne, mara tano. Akikitumia, apewe papo hapo, kwa kuwa mbao inapaswa kuwa ya haraka kuliko ngumi. Ukimwambia "subiri kwanza", umemrudisha kwenye ngumi.

La tatu, mwembe ulifungwa. Akipiga, anayehudumiwa kwanza ni aliyepigwa. Idi anahamishiwa kiti kando ya meza ya mwalimu, hahubiriwi, na mistari yake miwili inamfuata hapo. Kukiwa na fujo kubwa, wote wanatulia kwanza, lakini mistari inasomwa kabla ya mwisho wa siku.

Kwa mstari wa uji, mazoezi ya dakika nane mara tatu kwa wiki, Idi na wavulana wanne, wakiwemo wale wawili wa "Kijiji". Mmoja anagonga bega la mwenzake. Aliyegongwa anasimama, anapumua nje pole pole mara tatu, anauliza kwa sauti: "Makusudi au bahati mbaya?" Wanabadilishana zamu mara nane hadi kumi kila safari, maana kanuni isiyozoewa na mwili haitakumbukwa kwenye mstari. Wanafunzwa pia kumwita kutoka kulia. Jina la utani lilishughulikiwa peke yake, kama kosa la wanaolitumia. Kumwambia mtoto "wapuuze" huku unaachia utani uendelee ni kumdhulumu.

Mwisho, siku iligawanywa vipindi vitano. Kila kipindi kisicho na pigo, alama moja. Kwa kuwa daftari lilionyesha kwamba siku zake mbaya hupita vipindi viwili salama, kiwango kiliwekwa tatu kati ya tano, si tano. Zawadi: kugonga kengele ya kwenda nyumbani, au kuongoza darasa kusoma kifungu cha Kiswahili. Tangu Baraza la Mawaziri liliporidhia mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, walimu wengi wanahangaika nalo, na hapa palikuwa na mtoto anayekisema vizuri kuliko mwalimu wake. Aliichagua ya pili karibu kila mara.

Palipoharibika

Kabla ya mpango, wastani ulikuwa matukio sita kwa wiki. Wiki ya kwanza ya mpango yalikuwa tisa. Hilo hutarajiwa: njia ya zamani ikiacha kulipa, mtoto huibonyeza kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Walimu hawakuwa wameambiwa waziwazi, na hilo lilikuwa kosa la mpango. Siku ya nne Idi alirusha bikari, ikamkwaruza mwenzake shavuni. Naibu mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani siku mbili. Ukifikiri kwa safu nne, siku mbili za nyumbani ni mwembe mkubwa kuliko wote, na aliporudi Jumatatu alijaribu tena kabla ya uji. Kuanzia hapo makubaliano yakawa mapya: hasimamishwi masomo, vitu vyenye ncha vinakaa kwa mwalimu, na mama wa aliyejeruhiwa anaonana na mama Idi siku hiyohiyo, mbele ya mwalimu mlezi, pamoja na gharama ya dawa.

Wiki ya tatu yalikuwa manne, ya sita mawili, ya nane moja. Wiki ya tisa baba alirudi, akasikia habari za bikari kwa majirani, akavua mkanda. Matukio manne wiki hiyo, yote uwanjani, darasani hakuna. Baba aliitwa akaonyeshwa daftari, akauliza maswali mengi kuhusu sikio na machache kuhusu mkanda.

Mpango wa namna hii una mipaka. Mtoto anayetesa wanyama, anayebeba wembe, anayewasha moto, anayejiumiza, anayeanguka kifafa, au aliyebadilika ghafla ndani ya siku chache, hasubiriwi siku 15 za kuandika. Hospitali za rufaa za mikoa, ya Mbale ikiwa ya karibu kwa watu wa Busia, zina vitengo vya afya ya akili. Ukihisi kwamba mtoto anadhulumiwa nyumbani au njiani, simu ya bure ya watoto nchini Uganda ni 116, na afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya anahusika.

Kwa Idi, lililobaki ni njia ya kurudi nyumbani. Kati ya geti na barabara ya matrela hakuna mwalimu, hakuna mbao, na magari yananguruma upande wa sikio lake zima. Matukio mawili ya muhula wa tatu yametokea hapo. Kwa sasa anatoka dakika tano kabla ya wenzake, akiwa na msichana wa dawati la mbele ambaye nyumba yao iko njia ileile. Daftari limeongezwa safu ya tano, inayojazwa na msichana huyo kila asubuhi kwa neno moja: salama, au la.